Shangazi, shoga yangu anasema kwenye treni hawakagui pasi

*Shangazi, shikamoo. Naishi Leicester, nina pasi ya Tanzania na ruhusa ya kukaa Uingereza. Shoga yangu, ambaye ni raia wa huku, ameshikilia twende Paris wikiendi moja, wiki tatu kutoka sasa, tukazunguke masoko ya vitu vya zamani. Tiketi yake ameshakata. Nilipomuuliza kuhusu viza alicheka: "Treni ile hawakagui, twende tu." Nikikataa ataona namkwepa. Nimeweka pauni 400 za kununulia vikombe vya kahawa na sufuria za shaba. Yeye anataka nguo. Na masoko ya huko siyajui, naogopa kupigwa bei. Nifanyeje?*

*Mpenda Vyombo, Leicester*

Marahaba, mwanangu. Treni ile wanakagua, tena kabla hujapanda. Askari wa mpaka wa Ufaransa wana vibanda vyao mle mle ndani ya stesheni ya St Pancras, London, mnakopandia. Bila viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ufaransa ikiwemo) utarudishwa hapohapo, na shoga yako ataendelea na safari peke yake. Sidhani amekudanganya kwa ubaya. Pasi yake haihitaji viza kwa safari fupi, kwa hiyo hajawahi kulazimika kujua.

Viza unaiombea huko huko Uingereza. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, mbali na malipo ya kituo kinachopokea maombi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Majibu kwa kawaida huchukua siku 15, lakini wanaruhusiwa kufika 45, na hapo hujahesabu siku za kungojea miadi ya kwenda kutoa alama za vidole. Wiki tatu hazikutoshi. Sogezeni safari miezi mitatu mbele. Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ina kurasa 2 tupu, na itabaki hai miezi 3 baada ya siku utakayotoka Ufaransa. Bima ya matibabu iwe ya euro 30,000. Hoteli weka ile inayokubali kufutwa bila kukatwa pesa. Na kwa kuwa ruhusa yako ya ukaazi siku hizi imo kwenye mtandao, kama ulibadilisha pasi, iunganishe pasi mpya na akaunti yako kabla hujaondoka, usije ukakwama siku ya kurudi.

Sasa shoga yako. Mpigie simu, usimwandikie ujumbe, maana ujumbe wa kuahirisha husomeka kama kisingizio. Mwambie: "Nataka kwenda na wewe, ila mimi pasi yangu inadai viza na siwezi kuipata kwa tarehe hiyo. Hebu tazama kama tiketi yako inabadilishwa, tuchague tarehe nyingine sasa hivi tukiwa kwenye simu." Hiyo tarehe ndiyo itakayomwonyesha kuwa humkwepi. Akikazania kwenda peke yake tarehe ileile, mwache aende kwa amani.

Siku ikifika, fikeni Paris Ijumaa jioni. Soko linalokufaa wewe ni la Porte de Vanves, la Jumamosi na Jumapili, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana. Ukitoka London Jumamosi asubuhi utawakuta wenye meza wanafunga. Kutoka Gare du Nord, stesheni mtakayoshukia, chukua metro namba 4 hadi Montparnasse, kisha namba 13 ya kuelekea Châtillon-Montrouge, ushuke Porte de Vanves. Wauzaji hupanga meza barabarani, na vitu vingi ni vile mtu anaweza kuvibeba mkononi: vikombe, vijiko, vitambaa vya kitani, mabirika ya enameli.

Jumapili nendeni soko la Saint-Ouen, ambako hata yeye atapata chake. Metro namba 4 inawafikisha moja kwa moja hadi mwisho wake, Porte de Clignancourt. Ukitoka utapita kwenye mabanda ya viatu na nguo mpya, na watu watakuonyesha mikoba ya majina makubwa. Ni bandia, usinunue, na simu usiishike mkononi sehemu hiyo, wadokozi hawakosekani. Pita chini ya barabara kuu ya mzunguko ufike Rue des Rosiers. Hapo ndipo soko lenyewe linapoanzia. Ndani yake mna masoko madogo yenye majina. Wewe ingia Vernaison, kwenye vichochoro vya vitu vidogo vidogo. Paul Bert na Serpette tazama kwa macho tu, bei zake ni za wapamba majumba. Maduka mengi hufunguka kama saa 4 asubuhi, kwa hiyo hakuna haja ya kuamka usiku.

Beba noti za euro 5, 10 na 20, na sumaku ndogo. Shaba haivutwi na sumaku. Sufuria ikivutwa, ujue ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba (mpini unaweza kuwa wa chuma, huo usikutishe). Kisha tazama ndani. Sufuria nzuri imepakwa bati, ina rangi ya fedha iliyofifia. Ukiona wekundu wa shaba umejitokeza, usipikie mpaka ipakwe upya, maana ukwaju, ndimu na nyanya huitoa shaba ikaingia kwenye chakula, na kazi ya kupaka inaweza kuzidi bei uliyonunulia. Pima pia unene wa ukingo: milimita 2 au zaidi ni ya kupikia, nyembamba sana ni ya kutundika ukutani.

Kikombe kiweke juu ya kiganja ukigonge kwa ukucha. Kizima hulia kama kengele. Chenye ufa hutoa sauti iliyokufa, hata kama ufa huuoni. Pitisha kidole ukingoni, kisha ukimulike kwa tochi ya simu, gundi huonekana. Ukiambiwa kijiko ni fedha, tafuta muhuri mdogo wa kichwa cha Minerva, mwanamke mwenye kofia ya vita, uliotumika tangu 1838: namba 1 ni fedha ya 950 kwa 1,000, namba 2 ni ya 800. Ukikuta namba 84 badala yake, hiyo ni gramu za fedha zilizopakwa juu ya seti ya vijiko 12 na uma 12. Ni vyombo vizuri vya mezani, ila usivilipie bei ya fedha.

Kuhusu kupigwa bei: anza na "bonjour" kabla hujagusa kitu. Ukikitwaa bila salamu, umeshaharibu. Uliza "c'est combien?" (ni bei gani?), kisha ukiwa na vitu viwili au vitatu mkononi, omba "un petit prix" (bei nafuu). Punguzo la asilimia 10 hadi 20 ni la kawaida. Ukitaja nusu ya bei kama uko soko la Karume, Dar, wengi watageuza uso.

Chochote cha pembe ya ndovu kiache, hata kipini cha kisu cha bibi wa mtu. Pembe nyingi za karne ya 19 zilitoka pwani yetu, na leo kuziingiza Uingereza bila kibali ni kosa. Kisu chenye makali yaliyozidi inchi 3 hakipandi treni, wala maganda ya mizinga ya vita vya zamani yaliyogeuzwa vyombo vya maua. Forodha ya Uingereza inasamehe vitu vya pauni 390 kwa mtu mmoja. Wewe umetenga 400 za kununulia, kwa hiyo usizimalize zote, vitu vyako visipite hapo.

Msifuatane siku nzima. Mpenda nguo na mpenda vyombo wakikokotana sokoni, mmoja atanuna. Pangeni mkutane saa 8 mchana kwenye mlango wa Vernaison, mpate chakula, mfunge vikombe ndani ya nguo alizonunua yeye, na mwe mmefika Gare du Nord saa moja na nusu kabla ya treni, kwa sababu pasi zitakaguliwa tena.