Maswali na Majibu: Kabla ya Kununua RAM, Itazame Diski

Barua za safari hii karibu zote zinalalamikia jambo moja: mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya kompyuta moja halisi, zinasuasua kwenye seva ya nyumbani. Nimechukua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

"Seva yangu imekuwa nzito sana. Nifanyeje?" (Msomaji, Morogoro)

Sijui, na hakuna atakayejua. Prosesa ni ipi, RAM kiasi gani, diski ya aina gani, mashine pepe ngapi, na uzito unauona ukifanya nini? Nimeshayaomba haya mara nyingi. Swali lisilo nayo sitalijibu tena.

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina kompyuta ndogo ya mtumba, i5-6500T, RAM GB 16, nimeweka Proxmox ya kuendeshea mashine pepe, nazo ziko tatu, moja ni Windows. Zote ziko kwenye HDD (diski ya sahani zinazozunguka) ya TB 1. Kila kitu kinaganda. Fundi ananiambia niongeze RAM ifike 32. Ninunue?" (Msomaji, Tanga)

Usinunue, ndugu yangu. Ingia kwenye seva yenyewe, si ndani ya mashine pepe, uandike `top`. Kwenye mstari wa prosesa tafuta namba iliyo kando ya `wa`. Hiyo ni sehemu ya muda ambao prosesa imekaa bure ikiingoja diski. Kisha sakinisha sysstat, kifurushi cha vipimo, na uandike `iostat -x 2`. Ukikuta `%util` (sehemu ya muda diski iko kazini) imeganda karibu na 100, na `w_await` (muda ombi la kuandika linaongoja) inasoma milisekunde mia na zaidi, ugonjwa umeshauona, na RAM haimo.

HDD ya mizunguko 7200 kwa dakika huhimili maombi ya hapa na pale yapatayo 75 hadi 100 kwa sekunde. Windows moja ikianza kujisasisha inayamaliza yote peke yake, na hizo mashine nyingine mbili zinabaki foleni. Kasi ya MB kwa sekunde iliyoandikwa kwenye boksi ni ya kunakili faili moja refu kwa mfululizo. Mashine pepe hazisomi hivyo. Zinaokota vipande vidogo vidogo kila pembe ya diski. SSD, diski isiyo na sahani za kuzunguka, hata ile ya kawaida kabisa ya SATA, huhimili makumi ya maelfu ya maombi hayo. Hamishia mashine pepe huko, HDD iachie picha, filamu na bakapu.

Inaniudhi kuona fundi anamtoa mtu hela ya RAM bila kupima chochote, wakati kupima hakugharimu hata shilingi. Na ukinunua HDD ya kuhifadhia, uliza kama ni SMR, aina ambayo mistari ya data hulaliana kama vigae. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, zilizouzwa kwa ajili ya NAS (hifadhi ya faili ya kwenye mtandao), zilikuwa za aina hiyo bila wanunuzi kuambiwa. SMR ikiandikwa mfululizo kwa muda mrefu hudorora vibaya, na kwenye ZFS, mfumo wa kupanga na kulinda faili diskini, ni balaa.

"ZFS imekula nusu ya RAM yangu. Kuna kitu kinavuja?" (Msomaji, Nairobi)

Hakuna kinachovuja. Hiyo ni ARC, akiba ya kusomea, na kwenye Linux kwa miaka mingi kawaida yake imekuwa kufika nusu ya RAM. Kama mashine pepe zinabanwa, iwekee kikomo kwenye `/etc/modprobe.d/zfs.conf`: `options zfs zfs_arc_max=4294967296` ni GB 4. Andika `update-initramfs -u`, kisha washa upya.

"Nimeipa kila mashine pepe kori 4 ili iwe na nguvu, ziko nne. Mbona zimezidi kuwa nzito?" (Msomaji, Kigoma)

Kwa sababu prosesa yako, kwa maelezo yako mwenyewe, ina kori 4 tu. Umegawa 16. Zikiwa zimelala hutaona tatizo. Zikiamka pamoja, kori pepe moja inaweza kusimamishwa huku imeshika kufuli ambalo wenzake wanalihitaji: mwenye ufunguo wa stoo yuko nje, waliobaki wamesimama mlangoni. Ndani ya mashine pepe ya Linux tazama `st` kwenye `top`. Ikipanda, inanyang'anywa zamu. Anza na kori 1 au 2, uongeze pale tu unapoona zimejaa.

"Windows kwenye Proxmox ni nzito hata nikiwa na SSD." (Msomaji, Muscat)

Nina hakika diski yake iko kwenye IDE au SATA, na kadi ya mtandao ni e1000. Hivyo ni vifaa vya kuigiza, na uigizaji unakula prosesa. Weka draiva za VirtIO, zilizotengenezwa mahususi kwa mashine pepe. Ila usibadili diski ya kuwashia moja kwa moja, Windows itagoma kuwaka. Ongeza kwanza diski ndogo ya GB 1 kwenye VirtIO SCSI, washa, sakinisha draiva kutoka ISO ya virtio-win, zima, ndipo uihamishe ile kubwa na kurekebisha mpangilio wa kuwasha.

"Rafiki alinishauri niweke cache (akiba ya muda) ya diski kuwa Write back (unsafe). Sasa inakimbia ajabu. Kuna ubaya?" (Msomaji, Mwanza)

Upo, na ni mkubwa. Iondoe leo. Mpangilio huo unaifanya QEMU, programu inayoendesha mashine pepe ndani ya Proxmox, ipuuze kila ombi la mashine pepe la kutaka data ishushwe diskini kweli. Hifadhidata inaambiwa imeandikwa, kumbe iko kwenye RAM. Umeme ukikatika hapo, nawe unajua unavyokatika, unaweza kuwasha na kukuta faili zimeharibika. Huyo rafiki hatakuwepo kuzirudisha.

Rudisha chaguo la kawaida, No cache. Kama uandishi bado ni mzito, tafuta SSD ya seva, hata ya mtumba, yenye kapasita za kulinda data umeme ukikatika. Hiyo inaweza kujibu "nimeandika" mapema bila kudanganya, ndiyo maana huzishinda SSD za kawaida kwenye kazi za hifadhidata. Nunua na UPS (betri ya akiba), uiunganishe kwa USB, uweke programu ya NUT ili seva ijizime yenyewe betri ikikaribia kuisha. UPS isiyoongea na seva inakuongezea dakika chache tu. Na snapshoti (nakala za hali ya mashine pepe kwa wakati fulani) zilizo kwenye diski hiyohiyo usizihesabu kuwa bakapu.

"Seva ni nyepesi usiku, mchana inasuasua. Matumizi ni yaleyale." (Msomaji, Mombasa)

Joto. Sakinisha lm-sensors, andika `sensors` saa nane mchana. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia kasi yenyewe. Fungua, puliza vumbi, badilisha pasta ya prosesa, na uitoe kwenye kabati la TV.