Maswali ya Wasomaji: Dishi Moja, Ving'amuzi Viwili

Swali: Nina dishi moja na ving'amuzi viwili, sebuleni na chumbani, vimeunganishwa kwa splita. Chumbani picha inatoka pale tu cha sebuleni kikiwa kimewashwa, na hata hapo baadhi ya chaneli zinaandika hakuna mawimbi. Dishi limeshaelekezwa upya, hali ni ileile. Tatizo nini? – Msomaji, Morogoro

Jibu: Dishi lako ni zima, usikubali liguswe tena. Kinachokusumbua ni splita.

Waya wa dishi hauteremshi mawimbi peke yake. King'amuzi nacho hupandisha umeme kwenda kwenye LNB, yaani kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, kupitia waya huohuo, na umeme huo ndio amri: volti 13 kwa chaneli zinazorushwa kwa mawimbi ya wima, 18 kwa za mawimbi ya mlalo. LNB aina ya universal huongezewa na mlio wa kiloherzi 22 inapotakiwa kuleta masafa ya juu. LNB yenye tundu moja hutii amri moja tu kwa wakati. Ving'amuzi vikiomba tofauti, volti kubwa hushinda na aliyeomba 13 hukosa chaneli zake. Isitoshe, splita nyingi hupitisha umeme upande mmoja tu, ndiyo maana chumbani kunasubiri sebuleni pawashwe.

Nunua LNB ya matundu mawili, yaani twin, au quad yenye manne kama utaongeza vyumba. Soma kibandiko cha ile ya zamani upate ya masafa yaleyale. Universal huandikwa 9.75/10.6 GHz. Dukani usipewe quattro ukidhani ni quad. Quattro nayo ina matundu manne, lakini kila moja limefungiwa kundi lake la chaneli na huhitaji kifaa kingine cha kuyaunganisha.

Chomoa ving'amuzi vyote kwenye umeme kabla ya kupanda. Piga alama kwa kalamu ya wino kwenye shingo ya LNB ya zamani, uone imezungushwa kiasi gani na imeingia wapi kwenye kishikio, kisha funga mpya vivyo hivyo. Kila tundu litoe waya wake mpaka kwenye king'amuzi chake, bila kiungo katikati. Tumia waya wa aina ya RG6. RG59 ni nyembamba na hupoteza mawimbi mengi. Ukizidi mita 30, tafuta RG6 yenye kiini cha shaba tupu, kwa sababu kwenye kiini cha chuma kilichopakwa shaba volti hupungua njiani, na 18 ikishuka sana LNB huisoma kama 13.

Kazi nyingi huharibikia kwenye konekta. Menya ganda la nje kiasi cha milimita 15, kunja nyuzi za wavu zirudi nyuma, kisha kata plastiki nyeupe bila kukwaruza kiini. Konekta ikishakaa, kiini kichomoze milimita 2 hivi kupita ukingo wake. Chungulia ndani: unyuzi mmoja wa wavu ukigusa kiini, ni shoti, na king'amuzi hukata umeme wa LNB. Kwenye LNB funika konekta kwa mpira wake au utepe wa mpira unaojigandisha, na uache waya uning'inie kidogo chini ya tundu ili maji ya mvua yadondoke hapo. Maji yakishaingia, wavu hugeuka mweusi. Kata kipande chote kilichobadilika rangi.

King'amuzi cha pili kwa kawaida kina kifurushi chake, kwa hiyo muulize mtoa huduma kwanza.

Swali: Na kama nina king'amuzi kimoja, ila TV mbili? – Msomaji, Tanga

Jibu: Hapo splita inafaa, lakini iwe ya HDMI yenye adapta ya umeme. TV zote zitaonyesha chaneli moja. Waya wa kawaida wa HDMI huanza kukatakata ukikaribia mita 15, hivyo kwa chumba cha mbali tumia vifaa viwili vya kurefusha HDMI kwa waya wa mtandao wa Cat6. Chagua vyenye jicho la rimoti, usilazimike kurudi sebuleni kubadili chaneli. TV moja ikikataa picha, shusha ubora wa picha wa king'amuzi uwe 720p.

Swali: Antena ya kawaida nayo haigawanyiki? – Msomaji, Dodoma

Jibu: Inagawanyika, maana haipokei amri ya volti. Splita ya njia mbili hupunguza desibeli 4 hivi kila upande, ya njia nne kama 7 au 8. Mawimbi yakiwa hafifu, weka buster, yaani kifaa cha kukuza mawimbi, karibu na antena kabla ya splita. Ukiiweka baada yake utakuza na uchafu.