Je, García Márquez aliacha uandishi wa habari alipogeukia riwaya?

Hapana. Umeuliza kama mwandishi huyu wa riwaya aliacha uandishi wa habari moja kwa moja, na kwa kweli hakuuacha kabisa. Alizaliwa 1927 Aracataca, Kolombia, akaanza kusomea sheria, kisha 1948 akaingia gazeti la El Universal mjini Cartagena. Sheria akaiacha baadaye.

Kisa cha kukitazama kwa makini ni cha 1955, akiwa El Espectador, Bogotá. Baharia mmoja wa jeshi la majini alikuwa ameelea kwenye chelezo siku 10 bila chakula. Serikali ilisema meli yake ilipigwa na dhoruba. García Márquez alimkalisha chini, akamhoji kwa kina, akachapisha masimulizi yake katika sehemu 14, na humo ikafichuka kwamba hapakuwa na dhoruba: sitaha ilijaa majokofu, televisheni na mashine za kufulia za magendo, kamba za shehena zikakatika, watu wakatupwa majini. Utawala wa kijeshi ulikasirika. Gazeti likamtuma Ulaya, halafu nalo likafungwa, naye akabaki Paris hana senti.

Riwaya iliyomtangaza duniani ilitoka 1967, Nobel ikafuata 1982. Lakini 1994 alianzisha taasisi ya kuwanoa waandishi wa habari, na 1996 akatoa kitabu kizima cha habari za kweli kuhusu watu waliotekwa nyara Kolombia. Kwa maoni yangu, ule ung'ang'anizi wake wa kutaja kila kifaa kilichokuwa sitahani ndio unaokufanya uamini hata maajabu ya kwenye riwaya zake.