Maswali ya Wasomaji: Neno "room" lilikuwa nafasi kabla ya kuwa chumba

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mama mfanyabiashara wa Katuba, hapa Lubumbashi. Mara nyingi navuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia kutafuta bidhaa, na huko mambo mengi huendeshwa kwa Kiingereza. Nikifika nyumba ya wageni naambiwa "We have a room", na hapohapo nakabidhiwa ufunguo. Kesho yake nikiwa na mizigo yangu kituoni, kondakta wa basi ananiambia "No room", ilhali mimi sikumwomba chumba. Binti yangu anayesoma sekondari anasema kwamba Kifaransa kina "chambre" na "place", maneno mawili, kama sisi tulivyo na chumba na nafasi. Naomba kujua neno hili limetoka wapi, na maana ipi ilitangulia. (Msomaji, Katuba)

JIBU: Mama, maana aliyoitumia kondakta ndiyo iliyotangulia, na imeitangulia ile ya mapokezi kwa mamia ya miaka. Katika Kiingereza cha kale, kile kilichozungumzwa kabla Wanormani hawajaiteka Uingereza mwaka 1066, neno hili liliandikwa "rum", irabu yake ikivutwa, nalo lilimaanisha nafasi au uwazi, mahali ambapo mtu anaweza kujinyoosha bila kuzuiwa. Lilitumika pia kama sifa, kwa maana ya kitu kipana. Kuta, mlango na ufunguo havikuwamo kabisa katika maana hiyo.

Ushahidi wa jambo hili unapatikana kwa lugha ndugu za Kiingereza, ambazo zilirithi neno hilohilo kutoka kwa babu mmoja. Wajerumani wana "Raum", yaani nafasi, ingawa siku hizi hulitumia pia kwa chumba. Waholanzi, pamoja na Wabelgiji wa upande wa Flandre ambao lugha yao wazee wetu wa Katanga waliisikia enzi za ukoloni, wana "ruimte" kwa nafasi na "ruim" kwa tumbo la meli linalopakiwa shehena. Katika Kiaislandi "rúm" ni kitanda, na ukifikiri kidogo utaona kwamba kitanda ni ile nafasi anayotengewa mtu mmoja ili alale. Ushahidi wa kale zaidi unatoka katika karne ya 4, pale Askofu Wulfila alipoitafsiri Biblia kwa Kigothi, lugha ambayo sasa imekufa: alipofika kwenye habari ya Yosefu na Mariamu kukosa pa kulala Bethlehemu, alitumia neno "rum" kwa ile nafasi waliyoikosa.

Chumba kiliingiaje basi? Waingereza wa kale walikuwa na maneno mengine kwa sehemu ya ndani ya nyumba, na baada ya mwaka 1066 mabwana wapya waliokuwa wakisema Kifaransa wakaleta "chambre", ambalo Waingereza walilifanya "chamber". Wakati huo "room" liliendelea kuwa nafasi tu. Wanaochunguza maandishi ya zamani huikuta maana ya sehemu iliyotengwa kwanza katika habari za meli, mwanzoni mwa karne ya 14, na katika habari za nyumba huikuta kufikia katikati ya karne ya 15. Kuanzia melini kunaeleweka vizuri, kwa sababu ndani ya meli nafasi haitoshi kamwe, na kila upenyo hutengwa kwa ubao na kupewa kazi yake. Neno lililotaja uwazi likahamia kwenye kipande cha uwazi kilichozungushiwa kuta, kisha likalisukuma "chamber" pembeni hadi leo hii limebaki zaidi kwenye mambo rasmi, kama vile ukumbi wa bunge, au kwenye mambo ya ufundi, kama vile sehemu ya bunduki inamokaa risasi.

Ukitaka kuziona maana zote zikiishi pamoja, ichukue Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611 chini ya Mfalme James, uisome sambamba na Biblia yetu ya Kiswahili. Katika Luka 2:7 Kiingereza kinasema hapakuwa na "room" katika nyumba ya wageni, na Kiswahili kinasema kwa usahihi kabisa kwamba "hawakupata nafasi". Wengi husoma mstari ule wa Kiingereza wakidhani unataja vyumba vilivyojaa. Maana ya kuwa mahali hapakutosha ndiyo iliyokusudiwa. Katika Luka 14:8, Yesu anapomwonya mtu aliyealikwa harusini asijitafutie mahali pa heshima, Kiingereza kinasema asiketi katika "the highest room", na hapo "room" ni kiti wala si ghorofa ya juu. Katika Mathayo 2:22, Arkelao anatawala Uyahudi "in the room of" Herode baba yake, yaani mahali pake, akiwa mrithi wake. Halafu katika Marko 14:15 linatajwa lile orofa kubwa la karamu ya mwisho, nalo pia linaitwa "room". Mimi naona kurasa hizo zinafundisha kuliko maelezo mengi ya kamusi, kwa sababu zinaonyesha neno likiwa bado katikati ya safari yake.

Binti yako ana haki ya kutaja "chambre", na neno hilo linastahili maneno machache, maana lina jamaa wengi hapa Lubumbashi. Limetokana na "camera" la Kilatini, lililoazimwa kutoka Kigiriki na kumaanisha dari la tao au chumba chenye dari la namna hiyo. Wataalamu walipotengeneza chumba cha giza ambamo nuru hupenya kwa tundu dogo na kuchora picha ukutani, walikiita kwa Kilatini "camera obscura", jina ambalo mwanaastronomia Johannes Kepler alilitumia mwaka 1604, na kutokana nalo tumepata kamera. "Camarade" nalo lilianzia kwa Wahispania, kwa maana ya mtu mnayelala naye chumba kimoja. Na fundi wa magurudumu kando ya barabara, anapouzamisha mpira wa ndani katika beseni la maji na kuugeuza taratibu akitafuta mapovu, ameshika kile Wafaransa wanachokiita "chambre à air", chumba cha hewa.

Kiswahili kimekwenda njia nyingine. Chumba kinatokana na nyumba: ni mzizi uleule uliopewa kiambishi cha udogo, hivyo sisi tulianza na jengo ndipo tukakipata kipande chake. Nafasi tuliitoa katika Kiarabu, kwenye mzizi wa pumzi, na ndiyo sababu kwetu nafasi inafika hata kwenye wakati: tunasema "leo sina nafasi" na kila mtu anaelewa. Hapo ujihadhari, Mama, kwa kuwa Kiingereza hakiruhusu kutumia "room" kwa maana hiyo. Mzambia akikusikia ukisema huna "room" leo, atafikiri umefukuzwa na mwenye nyumba.

Kwa matumizi ya safarini, angalia kijineno "a". Likiwepo, kama katika "a room", au neno likiwa katika wingi, "rooms", ni chumba, kitu kinachohesabika. Lisipokuwepo, kama katika "Is there room for my bags?", unauliza kama mizigo yako itaenea. Ukisikia "space", neno lililotokana na Kilatini kwa kupitia Kifaransa, nalo ni nafasi, lakini linaweza kuwa nafasi yoyote, hata anga la nyota; "room" ni nafasi inayotosha mtu fulani au kitu fulani.

SWALI: Je, "mushroom", yaani uyoga, ni neno hilihili? Nimeambiwa kuwa ni chumba cha uji, kwa kuwa "mush" kwa Kiingereza ni uji. (Mwanafunzi, Kampemba)

JIBU: Hapana. Neno hilo liliingia Kiingereza katika karne ya 15 likitoka kwenye "mousseron" la Kifaransa, ambalo hadi leo ni jina la aina ya uyoga mdogo. Waingereza walililekebisha lifanane na maneno waliyoyazoea, nalo halina undugu wowote na chumba wala nafasi.