Kamba wa Kithai, jioni ya kazi

SWALI: Shangazi, natoka kazini saa 12 jioni na mume wangu anataka kamba wa Kithai. Nikiwapika wanakuwa wagumu kama mpira. Nifanyeje?
Msomaji, South B

JIBU: Mwanangu, unawachemsha mno. Nunua wabichi City Market, wamenye, toa ule uzi mweusi mgongoni, wakaushe. Kaanga kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na mchaichai uliopondwa. Mimina tui zito, lichemke. Kamba waingie mwisho kabisa: dakika 2 au 3, wakigeuka waridi na kujikunja kidogo, epua! Ndimu kamulia nje ya moto. Ukitia sosi ya samaki, kumbuka ina chumvi kali, basi onja kwanza. Na ugali hapo usithubutu, pika wali.