Maua ya uani ni yaleyale, nipige nini?

SWALI: Shikamoo mjomba. Nakaa Buswelu, nina simu ya kawaida, na uani kwetu kuna maboga na bogainvilia, basi. Picha zangu zote zinafanana: ua katikati, majani pembeni. Dada anasema niende Capri Point kwenye bustani zenye maua ya maana. Au nidundulize ninunue kamera?
Msomaji, Buswelu

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Hela ya kamera iache ilipo. Mimi pasipoti na harusi ndizo zinazonilisha, na kamera ninazo, lakini maua nayapiga kwa simu.

Picha zako zinafanana kwa sababu unasimama vilevile: wima, simu umeiinamisha, unalitazama ua kutoka juu kama mwenye nyumba anayemkagua mpangaji.

Kesho wahi. Ua la boga hufunguka alfajiri, na adhuhuri limeshasinyaa. Saa moja hadi saa mbili asubuhi jua letu la Mwanza bado linapiga kutoka ubavuni. Saa sita liko utosini na rangi zote zinapauka. Piga magoti, geuza simu kichwa chini miguu juu ili lenzi ikaribie udongo. Hapo utaiona shingo ya ua. Ukikuta kiboga kidogo cha kijani, hilo ni jike. Likiwa juu ya kikonyo kitupu, ni dume, na ndani lina mhimili mmoja umejaa chavua. Ngoja nyuki atoke humo mgongo wote wa manjano. Kutoka juu hayo yote huyapati.

Sasa jiwe. (Buswelu nani hana jiwe nyuma ya nyumba?) Lisogelee ua mpaka lijaze picha: jabali la nyuma litakuwa dogo kama kokoto. Halafu rudi nyuma hatua kadhaa, vuta kwa zumu mpaka ua liwe na ukubwa uleule. Jabali limekua, limekuja kusimama mgongoni kwa ua! Kilichobadilika ni pale uliposimama tu. Zumu usiivute kupita kiasi, picha itachakaa.

Kwenye bogainvilia, zile rangi tunazozisifu ni majani. Maua yenyewe ni vile vijimrija vyeupe katikati, kwa kawaida vitatu. Ukisogea mno simu inashindwa kufokasi, kwa hiyo acha nafasi ya shibiri moja, halafu kata picha baadaye.

Capri Point nenda, ila si kwa ajili ya bustani. Panda juu utazame ziwa siku ambayo upepo umesukuma magugu maji ufukweni. Kwa juu ni zulia la kijani. Kisha shuka hadi Mwaloni, Kirumba, ambako wavuvi hawataki hata kuyasikia magugu hayo, maana yanaziba njia za mitumbwi. Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini, na miaka ya 1990 ulilielemea ziwa kwelikweli. Lipige ua lake kwa karibu: zambarau nyepesi, na petali ya juu ina doa la njano lililozungukwa na rangi iliyokolea. Ziweke picha zote mbili pamoja, ya mlimani na ya ufukweni, umwonyeshe dada yako. Ila piga ukiwa nchi kavu, usiingie majini, kichocho kipo.