Unataka kuwa fundi magari Arusha? Anzia chini ya gari

Kijana akiingia gereji siku ya kwanza, macho yote yanakwenda kwenye boneti. Anataka kushika injini. Kwa Arusha hiyo ni njia ya kuzunguka, maana kinachojaza gereji za hapa mara nyingi ni barabara. Land Cruiser ya watalii inayorudi kutoka Serengeti imekula vumbi siku kadhaa na imetikiswa kila nati. Inakuja na shokapu zinazovuja, bushi zilizokwisha, beringi zinazolia na yuubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) zilizolegea. Ukiimudu sehemu ya chini hukosi kazi, na fundi mkuu anapata sababu ya kukuita juu.

Shule au gereji? Ukiweza, vyote viwili. VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, wanafundisha umekanika wa magari kwa ngazi, ya kwanza hadi ya tatu, na vituo vipo Arusha na Moshi. Anayelenga diploma aangalie Chuo cha Ufundi Arusha. Kama uko gereji tayari na huna cheti, ulizia VETA habari ya kurasimisha ujuzi: unapimwa kwa kile unachokijua kwa vitendo. Darasani utaelewa kwa nini dizeli inawaka bila plagi. Nati iliyogandana na kutu inatokaje, hilo utaliona gereji.

Kabla ya kuomba nafasi, simama nje nusu saa uangalie. Ukiona mtu yuko chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki tupu, bila stendi, nenda zako. Ukiona kila gari linabadilishwa spea mbili tatu kabla ya kupimwa, pia nenda zako, hapo utajifunza kukisia. Wakati mzuri wa kuomba ni kabla ya masika. Aprili na Mei wageni wanapungua, kampuni za utalii zinaingiza magari kwa matengenezo makubwa, na gereji zinahitaji mikono. Hela ya kula mkubaliane siku ya kwanza, tena mbele ya mtu wa tatu. Wengi huona aibu, halafu wanalalamika miezi sita.

Vifaa: usinunue boksi la vipande mia. Gari za Kijapani zinatumia sana spana na soketi namba (milimita) 10, 12, 14, 17 na 19, na nati za matairi za Toyota nyingi ni 21. Namba 13 utaigusa mara chache hadi uanze kushika magari ya Ulaya. Soketi chukua za pembe sita. Zile za pembe kumi na mbili hukamata nati kwenye ncha tu, na nati yenye kutu inalika. Ongeza plaizi, bisibisi mbili nzuri, nyundo ya shaba na tochi ya kichwani. Soketi 54 ya habu (kitovu cha gurudumu) ya Land Cruiser inunue ukishapata kipato, lakini usikubali kufungua nati hiyo kwa patasi na nyundo. Utakuta nyingi zina makovu ya patasi, na ndiyo maana hazikazi sawasawa.

Habu ya mbele ndiyo darasa la kwanza. Inua gari, weka stendi, toa tairi. Kalipa (sehemu inayobana diski ya breki) ikitoka ifunge kwa waya kwenye springi, usiiache inaning'inia kwa paipu ya breki, paipu inapasuka kwa ndani na huoni kitu. Toa friwili (kifaa cha kuunganisha ekseli na habu), klipu, nati ya nje, washa ya kufungia (bamba jembamba linalozuia nati kulegea), halafu nati ya ndani, ya kurekebishia. Beringi ya nje inatoka, habu inafuata. Osha kwa mafuta ya taa, kausha kwa kitambaa. Usiizungushe beringi kwa upepo wa kompresa ukifurahia mlio. Inazunguka bila grisi na inaweza kuruka vipande.

Sasa itazame. Roli za beringi (vyuma vinavyoviringika ndani yake) zenye rangi ya bluu zimepata joto, ama ilikazwa mno au grisi iliisha. Vishimo vidogo na kutu ni maji. Kwa magari ya safari maji ndiyo adui mkubwa, na mara nyingi hayaingii mtoni. Gari linarudi habu zikiwa za moto, linapelekwa moja kwa moja kuoshwa kwa mashine ya presha, hewa ya ndani inapoa na kunywea, inavuta maji kupitia oili sili, raba inayozuia grisi kutoka na maji kuingia. Mwambie dereva asubiri habu zipoe. Ushauri huo ni wa bure na unakujengea jina.

Beringi ikibadilishwa, badilisha na kikombe chake (pete ya chuma ambamo roli zinazunguka), na oili sili mpya. Grisi isipakwe juu juu: weka bonge kiganjani, gandamiza beringi kwa upande mpana hadi grisi itokeze upande wa pili, zunguka hivyo mduara mzima. Ukirudisha, kaza nati ya ndani huku unazungusha habu ili roli zikae, ilegeze, halafu kaza tena kidogo hadi mchezo (kutikisika kwa habu) uishe na habu bado izunguke kwa mkono. Weka washa mpya, kaza nati ya nje, kisha PIMA TENA, kwa sababu nati ya nje inasukuma ya ndani na kilichokuwa sawa kinabana. Hapa ndipo wanagenzi wengi wanaharibu. Mwisho kunja washa, upande mmoja ndani, mwingine nje. Tembeza gari kama kilomita ishirini, pitisha mgongo wa mkono karibu na habu zote mbili. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, rudia.

Yuubolti za springi za nyuma nazo zinarudiwa kukazwa baada ya safari ya kwanza, chuma kikishakaa. Zikiachwa, bolti ya katikati inakatika na ekseli inahama.

Ukifika kwenye injini, tatizo la kwanza utakaloletewa ni gari kuchemsha. Fundi kanjanja anatoa themostati (vali inayofunguka maji ya injini yakipata moto) na kuitupa. Toyota nyingi zina themostati ambayo ikifunguka inaziba njia fupi ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linaweza kuchemsha zaidi kwenye mlima wa Karatu. Injini ikiwa ya baridi, toa na ukague mfuniko wa rejeta kwanza. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na ukingoni Ngorongoro kwenye 92 hivi. Ni presha ya mfuniko inayopandisha kiwango hicho kupita 110. Raba yake ikiwa imepasuka au springi imelegea, injini nzima inafanya kazi bila kinga hiyo. Dalili nyingine: gari likipoa, maji ya kwenye chupa hayarudi kwenye rejeta, na paipu ya juu inakuwa imebonyea. Badilisha mfuniko kwa wenye namba ileile ya presha, jaza kulenti (maji ya kupozea injini), peleka gari mlimani, ndipo uamue kama themostati ina kosa.